Jinsi ya Kufunga Upya Vyuma vya Sitaha Visivuje Wala Kung'oka: Mwongozo Kamili kwa Mashua Ndogo Yenye Tanga

Maji yanadondoka kabini, chini ya kliti, kile chuma cha pembe mbili cha kufungia kamba. Mwenye mashua ananunua tyubu ya silikoni, anazungushia ukingo wa kliti kwa juu, anapitisha kidole, kazi inapendeza. Mvua mbili tatu baadaye maji yamerudi. Anaongeza silikoni juu ya silikoni. Mwishowe bolti zinaanza kucheza, na sitaha inabonyea ukiikanyaga karibu na kliti.

Huyo hakosi bidii, ila anaziba mahali pasipohusika. Maji hushuka kwenye shingo ya bolti, na kabla tone la kwanza halijaonekana kabini, yameshalowesha kilichomo katikati ya sitaha. Sitaha nyingi za faibaglasi zina tabaka tatu: ngozi ya juu, kiini cha balsa (mti mwepesi sana), plaiwudi au povu gumu, kisha ngozi ya chini. Nguvu iko kwenye ngozi, na kazi ya kiini ni kuzitenganisha ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Kiini cha mti kikilowa huoza. Kikioza, bolti haina tena kitu kigumu cha kubana, chuma kinacheza, tundu linapanuka na maji yanaingia zaidi.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina shabaha moja: bolti isikutane tena na kiini, hata siku kalafati, yaani dawa ya kuzibia kati ya chuma na sitaha, itakaposhindwa. Na kalafati hushindwa siku moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa nati

Bolti mpya. Chagua za chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4, ambacho ndicho hicho kiitwacho 316. Tazama kichwani mwa bolti, alama hupigwa hapo. Za A2, yaani 304, zinafaa ndani ya kabati. Kwenye chumvi huanza madoa mapema. Urefu uwe wa kutokeza meno mawili matatu nje ya nati ikishakazwa. Unene ufuate matundu ya chuma chenyewe. Kama kliti imetobolewa kwa bolti ya milimita 8, usiifunge kwa ya 6 kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana.

Nati zenye pete ya nailoni na washa pana. Washa ndogo ya kawaida inazama kwenye faibaglasi.

Bamba la kukaa chini ya sitaha. Ubao wa faibaglasi iliyoshinikizwa ndio bora: haushiki kutu, hauozi, na hukatwa kwa msumeno wa chuma. Alumini ya milimita 5 au 6 inafaa pia. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12 inakubalika, mradi uipake epoksi pande zote, pamoja na kuta za matundu.

Epoksi ya sehemu mbili (resini na kigumishi) na unga wa kuizitisha. Unga uwe silika laini, au silika iliyochanganywa na nyuzi fupi. Epuka vile vipovu vyepesi vya kioo: vinafaa kusawazisha uso kabla ya rangi, lakini chini ya bolti vinapondeka.

Kalafati. Nimeipa sehemu yake hapa chini, maana ndipo watu wanapopotea.

Zana. Drili, biti za kipenyo cha bolti na za karibu mara mbili yake, biti ya kuchonga koni, msumari imara au spana nyembamba ya umbo la L, bomba la sindano bila sindano, mashine ya kufyonza vumbi, msasa namba 80, utepe wa karatasi, asetoni, vitambaa safi, kabari za plastiki.

Kinga. Glavu za naitraili, miwani, na barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, na ukishaupata mara nyingi hauondoki. Ikikumwagikia, osha kwa sabuni na maji. Usijifute kwa asetoni, kwani inaitandaza na kuisaidia kupenya ngozini.

Tafuta na msaidizi. Bolti inahitaji mtu juu na mtu chini, na mikono ya mtu mmoja haifiki.

## Kalafati ipi?

Silikoni ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo ninayoikataa kwa vyuma vya sitaha. Inaacha utando usioonekana ambao hukataa rangi na kukataa kalafati nyingine, hata silikoni mpya. Kama ilishapakwa zamani, utalazimika kuikwangua yote na kusaga kidogo kabla ya kuendelea.

Poliyurethani ni gundi kuliko kalafati. Inafaa pale ambapo hutaki kufungua tena, mfano maungio ya sitaha na bodi. Ukifungia kliti, atakayeifungua baadaye atang'oa na kipande cha jelikoti, ule uso wa kung'aa wa sitaha.

Polisalfaidi hubaki na mpira wake kwa miaka, hustahimili mafuta, na hufunguka bila vita. Ni chaguo zuri kwa vyuma. Tahadhari moja: huharibu baadhi ya plastiki, hasa akriliki na polikaboneti, kwa hiyo isitumike kwenye vioo vya plastiki vya madirisha.

Utepe wa butili haukauki kabisa. Unabaki laini, unanyumbulika chuma kinaposogea kidogo, na unasafishika. Kwa kliti, nguzo za uzio wa ukingoni mwa sitaha, reli na pete za kamba, mimi huanza na huu. Hauna nguvu ya gundi, kwa hiyo unategemea bolti zibane vizuri. Usiuweke kwenye mdomo wa tangi la petroli, kwa kuwa mafuta huuyeyusha, wala chini ya mstari wa maji. Upime kabla ya kununua: uvute kipande. Mzuri unarefuka bila kukatika upesi, na haukuachii uchafu mwingi vidoleni.

## Hatua ya 1: Gonga sitaha ujue ukubwa wa kazi

Chukua mpini wa plastiki wa bisibisi ugonge sitaha taratibu, ukianzia mbali na chuma na kukikaribia. Sehemu nzima hutoa mlio mkali na mfupi. Sehemu iliyooza, au ambayo ngozi imeachana na kiini, hutoa mlio mzito uliofifia. Chora mpaka kwa penseli kila mlio unapobadilika.

Gonga na upande wa chini kama unafikika. Mara nyingi mpaka wa chini ni mpana kuliko wa juu, kwa kuwa maji hutandaa juu ya ngozi ya chini.

Kama eneo bovu linaishia karibu na bolti, upana wa vidole viwili vitatu kila upande, endelea na mwongozo huu. Kama linazidi upana wa kiganja, au sitaha inabonyea waziwazi, hiyo ni kazi nyingine: kukata ngozi, kutoa kiini kibovu, kuweka kipya na kufunika kwa faibaglasi. Usijaribu kuikwepa kwa kumimina epoksi kwenye vitundu vingi juu ya kiini kilicholowa. Epoksi haitaingia palipojaa maji, na utakuwa umetoboa sitaha bure.

## Hatua ya 2: Fungua bila kuharibu

Piga picha juu na chini. Weka alama ya upande unaoelekea omo, yaani mbele ya mashua, maana vyuma vingi havina ulinganifu ingawa vinaonekana hivyo, na matundu yake yanakataa ukivigeuza.

Mtu wa juu ashikilie kichwa cha bolti, wa chini azungushe nati. Nati ikigoma, usikimbilie mafuta ya kulegeza kutu. Yanashuka kando ya bolti hadi kwenye kiini, na epoksi haishiki penye mafuta. Jaribu kwanza joto la mashine ya hewa moto kwenye nati. Ikikataa, ikate au ipasue. Bolti hizo hazirudi kazini hata hivyo.

Chuma kikiwa kimegandana na sitaha, usikichokonoe kwa bisibisi ya chuma. Pasha joto kidogo, pitisha uzi mwembamba imara chini yake ukiuvuta huku na huku mithili ya msumeno, kisha ingiza kabari za plastiki kutoka pembe mbili zinazokabiliana.

Onyo: mabamba yanayoshikilia nyaya za mlingoti hayafunguliwi hivi hivi. Nyaya zilizokazwa ndizo zinazosimamisha mlingoti. Mpaka uwe umeuegemeza kwa kamba nyingine imara, au umeushusha kabisa, usiguse hata nati moja ya mabamba hayo.

## Hatua ya 3: Zisome bolti za zamani

Zifute uzitazame shingoni, ile sehemu iliyokuwa ndani ya sitaha, si kichwani. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni. Kikikaa ndani ya ubao uliolowa, mahali pasipo na hewa, utando huo haujirekebishi na chuma huanza kuliwa. Kichwa kinaweza kung'aa huku shingo imejaa vishimo.

Ukiona mstari wa kahawia, vishimo, au shingo iliyokonda, zibadilishe zote za chuma hicho, si ile mbaya pekee. Zilikaa kwenye maji yale yale. Bolti iliyopinda ina habari nyingine: bamba la chini lilikuwa dogo au halikuwepo.

## Hatua ya 4: Kiondoe kiini kwenye njia ya bolti

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanaporuka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanua tundu: kwa bolti ya milimita 6 toboa kwa biti ya 12; kwa ya milimita 8 toboa kwa 14 au 16. Pitisha biti kwenye ngozi ya juu na kiini, usimame kabla ya kupanua ngozi ya chini. Bandika utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kusimama. Ili jelikoti isipasuke, bandika utepe wa karatasi juu ya tundu, na uanze drili ikizunguka kinyume mpaka biti ijichimbie kitako.

Njia ya pili inaacha ngozi ya juu karibu kama ilivyo. Kunja ncha ya msumari, au kata spana ya L ubaki na mguu mfupi wa sentimita 1 hivi. Funga kwenye drili, ingiza ule mguu tunduni mpaka uwe kati ya ngozi mbili, kisha zungusha polepole. Unakwangua kiini na kuacha uwazi wa duara wenye nusu kipenyo cha sentimita 1. Fyonza uchafu, rudia, fyonza tena.

Kwa kliti na nguzo za uzio napendelea ya pili. Epoksi inayojaa uwazi huo inaungana na ngozi zote mbili kwa eneo pana na kuwa nguzo ngumu kati yake, hivyo ukikaza bolti sitaha haibonyei. Kwa plaiwudi nzima isiyolowa, msumari huhangaika. Hapo tumia biti kubwa.

Tazama kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mti ni habari njema. Ukitoka weusi uliolowa, endelea kukwangua mpaka ufike kwenye mti mzima. Kama huufikii, rudi kwenye ushauri wa hatua ya 1.

Dalili ya mafanikio: ukichungulia kwa tochi unaona ngozi ya juu, uwazi, kuta za kiini kikavu chenye rangi yake, na ngozi ya chini.

## Hatua ya 5: Kausha, na usijidanganye

Acha matundu wazi chini ya kivuli cha turubai, hewa ipite juu na chini. Feni husaidia. Taa ya joto inaruhusiwa mradi uso wa sitaha ubaki wa joto ambalo kiganja kinavumilia. Ukizidisha, unalainisha resini ya sitaha yenyewe.

Wapo wanaomwaga asetoni ndani ya kiini wakidai inavuta maji. Siipendi njia hiyo. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na kuuweka pamoja na taa ya joto ndani ya mashua iliyofungwa ni kutafuta balaa.

Kipimo ni rahisi: bandika kipande cha plastiki angavu juu ya tundu, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na ukungu ndani, kiini bado kinatoa maji. Subiri. Hakuna hatua inayosukumwa haraka kuliko hii, na epoksi iliyofungia unyevu ndani inaficha uozo tu.

## Hatua ya 6: Jaza epoksi

Ziba tundu kwa chini kwa utepe imara uliobandikwa juu ya uso uliosafishwa. Weka plastiki chini yake kabini. Utepe mmoja utaachia, ndivyo ilivyo.

Changanya epoksi kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kipimo, si kwa jicho. Epoksi si kama resini ya poliesta ambayo kigumishi kikizidi inaganda upesi zaidi; hapa uwiano ukikosewa inabaki laini milele. Koroga dakika 2 kamili, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe.

Kwanza ingiza kidogo ikiwa nyepesi, bila unga. Tumia bomba la sindano, zungusha ili ilowe kuta za kiini, uiache inywewe kwa dakika chache, kisha ifyonze iliyobaki. Mti una kiu. Ukianza na epoksi nzito, mti hunyonya resini na kuacha mpaka mkavu usioshika.

Sasa tia unga kwenye iliyobaki mpaka iwe nzito kiasi kwamba ukiinamisha kikombe inasogea kwa uvivu. Ijaze kuanzia chini kwenda juu, ncha ya bomba ikiwa ndani ya mchanganyiko, ili hewa itoke. Acha ivimbe kidogo juu ya uso.

Tundu likiwa kubwa, jaza kwa awamu. Epoksi hujipasha joto inapoganda, na kiasi kikubwa mahali pamoja huweza kuchemka, kupasuka na kutoa moshi. Vivyo hivyo, kikombe chenye mabaki kitoe nje ya mashua. Kumbuka pia kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda wako wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu, kwa hiyo penye joto anza asubuhi na changanya vikombe vidogo.

Acha igande kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa 24 kwa nyuzi 20 hadi 25. Ikishaganda huweza kuwa na utando wa kuteleza juu. Uoshe kwa maji na brashi kabla ya kusugua msasa. Ukianza na msasa unausukumia ndani, na kitakachofuata hakitashika.

Dalili ya mafanikio: ukucha hauachi alama, na ukigonga unapata mlio mkali hadi ukingoni mwa tundu.

## Hatua ya 7: Toboa upya, kisha chonga koni

Sawazisha kwa msasa. Weka chuma mahali pake, toboa tundu moja, ingiza bolti bila kukaza, kisha toboa la mshazari wake. Ukiweka alama zote na kutoboa kwa mkupuo, moja litakataa.

Shika drili wima. Tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, nusu milimita inatosha, ili bolti ipite bila kukwangua.

Sasa kitu kidogo chenye thamani kubwa: chukua biti ya koni uchonge mdomo wa kila tundu kwa juu, kina cha milimita 2 au 3. Pasipo koni, ukikaza chuma kalafati yote inakamuliwa nje na kuacha utando mwembamba mno. Ukiwa na koni, inabaki pete nono ya kalafati imezunguka shingo ya bolti, pale hasa maji yanapotafuta njia. Usichonge zaidi ya hapo, na kwenye sitaha nyembamba punguza, usije ukaila ngozi yote.

## Hatua ya 8: Andaa bamba la chini

Fikiria nguzo ya uzio yenye urefu wa sentimita 60. Mtu akiiegemea juu kwa nguvu sawa na kilo 50, na bolti za kitako zikiwa zimeachana sentimita 6, wenzo huo ni mara 10: bolti za upande mmoja zinavutwa kwa karibu kilo 500. Washa nne ndogo chini ya faibaglasi nyembamba haziwezi mzigo huo. Ndiyo maana nguzo za uzio huvuja kabla ya vyuma vingine vyote.

Kata bamba lizidi matundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Zungusha pembe na ulainishe ukingo unaogusa sitaha, kwani pembe kali huanzisha ufa.

Upande wa chini wa sitaha huwa na mabonde na nyuzi zilizosimama. Bamba likikaa juu ya vinundu vitatu, mzigo wote unapita kwenye vinundu hivyo. Sugua kwa msasa, safisha, paka epoksi nzito juu ya bamba, na ulikandamize mahali pake kwa bolti zilizopakwa nta ili zisigande. Kaza kwa vidole tu, mpaka epoksi itokeze pembeni. Ikiganda toa bolti, na usafishe nta yote kwa kitambaa na kiyeyushi. Ukiisahau, kalafati haitashika bolti.

Kama umechagua alumini, tenganisha na bolti kwa mafuta mazito ya kuzuia ulikaji au pete za nailoni. Metali mbili tofauti zikilowa chumvi pamoja, alumini ndiyo inayoliwa.

## Hatua ya 9: Funga

Futa chuma na sitaha kwa asetoni kwa kitambaa safi, kisha kingine kikavu. Ukishafuta usipashike kwa mkono mtupu.

Kwa butili: tandika chini ya chuma chote bila kuacha pengo. Sokota uzi mwembamba wa butili uuzungushie kila bolti chini ya kichwa, ukitengeneza koni itakayokaa kwenye ile uliyochonga. Ingiza bolti ukisukuma moja kwa moja, bila kuzungusha.

Chini, weka washa pana na nati. Mtu wa juu kazi yake ni moja, kichwa cha bolti kisigeuke hata kidogo. Kikigeuka kinachana pete ya butili shingoni. Kaza nati kwa zamu, kwa mshazari, mpaka butili ianze kutoka pande zote. Simama. Butili ni nzito na inahitaji muda kusogea. Rudi baada ya saa chache, kaza kidogo, kesho yake tena, mpaka isitoke zaidi. Siku ya baridi utarudi mara nyingi zaidi. Anayekaza yote kwa mkupuo huishia kupinda kitako cha chuma au kupasua jelikoti.

Kwa polisalfaidi: zungushia utepe wa karatasi sitahani kandokando ya chuma, paka kalafati ya kutosha chini yake na shingoni mwa bolti, kaza mpaka mkufu mwembamba wa kalafati utokeze pande zote. Mabaharia hubishana hapa: kaza yote sasa, au acha igande kisha umalizie? Mimi hukaza kiasi, naiacha ishike, kisha namalizia robo hadi nusu mzunguko kwa nati pekee. Inabaki pete yenye unene. Lakini kama huna wa kushika kichwa cha bolti siku hiyo ya pili, kaza yote mara moja. Kugeuza bolti ndani ya kalafati iliyoganda ni kuharibu ulichotengeneza.

Usipake kalafati chini, kwenye nati na washa. Inaonekana kama kinga ya ziada, lakini inafanya tanki. Juu pakishindwa, maji yatafungiwa ndani ya sitaha bila wewe kujua. Bora tone likudondokee kitandani.

Kilichotoka cha butili kikate kwa kisu cha plastiki. Cha polisalfaidi kiache kigande ndipo ukikate, badala ya kukipaka huku na huku kikiwa kibichi.

Dalili ya mafanikio: mkufu usiokatika pande zote, kitako cha chuma hakijapinda, na rula iliyolazwa sitahani kando ya chuma haionyeshi bonde.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa maji, kisha kwa mzigo

Kausha kabini kabisa. Paka unga wa chaki kuzunguka kila nati na bamba. Maji yakipita, hata kidogo, yanaacha mfereji unaoonekana. Mtu mmoja amwagilie kwa mpira juu ya chuma hicho pekee kwa dakika 10, mwingine awe ndani na tochi. Anza sehemu za chini za sitaha ukipanda, ili maji ya juu yasikuchanganye.

Kisha mzigo. Funga kamba kwenye kliti uivute kwa winchi, upande ule ule ambao kamba ya kuegeshea au ya nanga huvuta, ukiongeza taratibu. Usisimame kwenye mstari wa kamba: kitu kikiachia, kinakuja kwako. Nguzo ya uzio isukume na kuivuta kwa mkono huku mwenzako ameweka kidole kwenye ungio la kitako na sitaha. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Mwagilia tena baada ya mzigo, kwa sababu chuma kisichovuja kikiwa kimetulia huweza kuvuja kikishavutwa.

Chaki ikibaki kavu lakini kabini bado kuna maji, usifungue tena ulichofunga. Maji yanaweza kuingilia omo, yakatembea kati ya sitaha na dari ya ndani, yakatokea mita mbili nyuma kwenye tundu la kwanza yanalolikuta. Toa kipande cha dari, paka chaki kwenye kila nati iliyo juu ya mteremko huo, na mwagilia chuma kimoja kimoja kuelekea omo. Penye mfereji wa kwanza ndipo pa kuanzia hatua ya 1.